Kusoma biashara Zanzibar bila ya kukosana na nyumbani: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa kijana anayesoma uhasibu, benki, ununuzi na ugavi, masoko au utawala wa biashara hapa visiwani. Pengine uko kampasi ya Chwaka ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), palipokuwa na chuo cha fedha kabla ya vyuo kuunganishwa mwaka 2016, au Zanzibar University pale Tunguu, au unachukua stashahada kwengine. Unataka GPA nzuri na kazi nzuri, na wakati huohuo simu haikai dakika 20 bila ya kulia: bibi apelekwe kliniki, ami amekwama dukani, binti wa shangazi anaolewa Mfunguo Mosi na sare imeshachaguliwa.

Ninavyoona mimi, wingi wa mambo ya nyumbani haumwangushi mwanafunzi. Kinachomwangusha ni kuitikia kila jambo "haya, nakuja" palepale simuni, kisha kusoma kwa saa zilizobaki. Hatua zote zilizo hapa chini zinataka kitu kimoja: uahidi mapema, uahidi machache, na ukishaahidi uonekane.

Hatua ya 1: Hesabu saa kabla ya kuahidi

Shahada ya miaka mitatu kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) haipungui krediti 360, na krediti moja huhesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ndani ya darasa na nje yake. Gawa mwenyewe: krediti 120 kwa mwaka, 60 kwa muhula, yaani saa 600. Muhula wa wiki 15 unakudai saa 40 kila wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa ofisini. Vipindi vinakula sehemu yake. Zinazobaki ni za maktaba, asaimenti na kazi za vikundi, na hizo ndizo nyumbani wanazoziita "kukaa tu na simu".

Tia na njia. Anayekaa mjini na kusoma Chwaka ana zaidi ya kilomita 30 kila upande, na daladala haiondoki mpaka ijae. Tuseme saa moja na robo kwenda na saa moja na robo kurudi, siku tano. Zimekwenda saa 12 na nusu. Wiki ina saa 168. Toa 40 za masomo, toa hizo za njiani, toa 49 za kulala saa saba kila usiku, zinabaki 66 na nusu. Humo ndimo mna swala, kula, kuoga, kufua, kufagia, kukaa na wenzako, na ukoo mzima.

Kwa wiki moja andika kwenye daftari kila nusu saa imekwendea wapi, bila ya kujipendelea. Mwisho wa wiki utaijua idadi ya saa unazoweza kuwapa watu wa nyumbani bila ya kuiba za masomo. Ikitoka 10, basi ni 10. Mwanafunzi wa biashara anayejua bajeti ya kampuni ya kufikirika na hajui bajeti ya wiki yake, mimi siamini hata hiyo ya kampuni.

Hatua ya 2: Tengeneza kalenda moja yenye kila kitu

Chuo kinatoa almanaka yake na watu huishia hapo. Kwetu haitoshi, kwa sababu maisha ya Zanzibar yanakwenda kwa kalenda zaidi ya moja, na mwanafunzi hukwama pale zinapogongana.

Anza na ya chuo: kufungua, majaribio, mitihani ya mwisho wa muhula, fildi (mafunzo ya kazini), kutoka kwa matokeo, wiki ya sapu (mitihani ya marudio). Ziandike kwa wino mwekundu.

Kisha weka ya Hijria. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo haigongi muhula mahali pamoja kila mara. Ya 2027 inatarajiwa kuanza mwanzoni mwa Februari, wakati ambao vyuo vingi viko kwenye mitihani au ndiyo kwanza vimetoka. Mwezi wa Shaabani na siku za baada ya Idd harusi hufuatana, na mtu mwenye ukoo mkubwa anaweza kuwa na tatu katika wiki mbili. Mfunguo Sita kuna maulidi. Usingoje kadi. Waulize mama na shangazi mwanzoni mwa muhula: nani ameposwa, nani anangoja mwezi gani? Wanajua miezi kabla, na watafurahi kuulizwa.

Ya tatu ni kalenda ya riziki ya nyumbani kwenu, na hapa kila mtu na yake.

Ukitoka Pemba kwenye mashamba, karafuu huanza kuchumwa karibu na Julai au Agosti na mwaka mzuri huendelea mpaka baada ya chuo kufunguliwa. Likizo ndefu inakuwezesha kuchuma, lakini kuchambua makonyo na kuanika majamvini hakuna likizo, na mzee akiona mawingu hataangalia almanaka ya chuo. Kubalianeni tarehe ya kuondoka kabla hujapanda mkarafuu wa kwanza.

Ukitoka Jambiani, Bwejuu au Uroa na mama analima mwani, kalenda yenu ni ya maji. Bamvu, yaani maji yanayojaa sana na kukupwa mbali, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na maji hukauka asubuhi kuelekea mchana, saa zilezile za vipindi. Chukua ratiba ya vipindi, weka alama kwenye siku za bamvu za muhula mzima, kisha mwambie mama: siku hizi mbili nitakuwa pwani na wewe kufunga kamba, hizi nyengine sitakuwepo, tumtafute mtu. Na kwenye maji mafu, wakati hakuna anayekwenda mbali, ndipo uzidishe kusoma. Nimemwona binti mmoja akiipanga hivi kwenye ukuta wa chumba chake, duara nyeusi kwa mwezi mwandamo na duara tupu kwa mpevu, na majaribio yake yameandikwa pembeni kwa kalamu ya risasi. Mama yake hasomi Kiingereza cha almanaka ya chuo. Zile duara anazisoma kuliko sisi.

Ukitegemea kibarua cha hoteli, msimu wa wageni ni Juni hadi Oktoba na tena Disemba hadi Februari. Aprili na Mei ya masika hoteli nyengine hufunga kabisa. Kwa hiyo kazi ya Disemba inakupeleka moja kwa moja kwenye mitihani, wakati ile ya Agosti haikugusi. Ukilazimika kuchagua, chagua Agosti.

Hatua ya 3: Mtafute msemaji wako

Kosa la wengi ni kutaka kuueleza ukoo mzima kwamba wana masomo. Ukoo haukai kikao kwa ajili ya GPA yako. Anatosha mtu mmoja ambaye neno lake halirudi: bibi, ami mkubwa, mama mdogo aliyewahi kuwa mwalimu wa skuli. Mara nyingi si baba, kwa sababu baba naye ana wakubwa zake.

Nenda kwake kwa miguu yako, si kwa simu, siku isiyo na shughuli, na usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari inatosha. Mweleze kabla ya muhula kuanza, si siku mbili kabla ya mtihani. Maneno yawe kama haya:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Za huko chuoni?"

"Nzuri, alhamdulillahi. Bibi, nimekuja kukuomba kitu. Muhula huu nina mitihani wiki mbili, hizi hapa nimekuandikia. Wiki hizo nikiitwa nitashindwa kuja, na sitaki waone nimejitenga. Nataka wewe uwe unajua, ili mtu akiuliza useme. Wiki nyengine zote Ijumaa baada ya swala mimi ni wako, unitume utakako."

Angalia yaliyomo. Hukusema "niko bizi", neno linalowaudhi wazee kuliko tusi. Umetoa tarehe, umetoa badala yake, na umempa yeye heshima ya kukusemea. Shangazi akianza kunung'unika harusini kwamba kijana gani huyu haonekani, bibi ndiye atakayejibu, na maneno yatakwisha.

Hiyo Ijumaa sasa iwe kweli. Ukimkosa mara mbili, karatasi uliyomwandikia haina kazi tena.

Hatua ya 4: Yapime mambo kwa uzito wake

Kuna yasiyoulizwa. Maziko ni moja. Kwetu maiti huzikwa siku hiyohiyo au ya pili yake, kwa hiyo unachohitaji ni saa kadhaa, si wiki. Nenda ukazike, kaa na wenyewe mpaka magharibi, urudi chuoni, kisha uje kwenye hitma. Mgonjwa wa kulazwa ni la pili. Hapa usijitwishe mzigo peke yako kwa sababu ndiye "usiye na kazi". Andikeni zamu ya kulala na mgonjwa, majina na siku, aliyeko mjini na aliyeko shamba wote wamo. Mwanafunzi achukue usiku wa kuamkia siku asiyokuwa na kipindi cha asubuhi.

Kuna yanayopangika: harusi, maulidi, kumpokea mgeni bandarini, kumpeleka bibi kliniki. Haya yanafaa kuwekwa kwenye kalenda na kugawanwa. Harusini usiende siku zote nne. Chagua siku ambayo kukosekana kwako kutaonekana. Kwa mtoto wa ami, hiyo ni siku ya ndoa yenyewe. Kwa rafiki wa dada, peleka mkono wako mapema na uombe radhi.

Na kuna ya kutumwa tu: nenda kanunue, nenda kalipe umeme, hebu njoo uangalie simu hii imefanya nini. Mengi yake siku hizi yanamalizika kwa simu. Yafanye palepale kwa dakika tano, kwani haya madogo ndiyo yanayokupa jina jema nyumbani kwa gharama ndogo kabisa.

Likitokea jambo la aina ya kwanza, maziko au mgonjwa, siku ya mtihani, usikimbilie nyumbani ukategemea kujieleza baadaye. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha mtihani, na karibu vyote vinataka ombi la maandishi kabla ya mtihani, si baada yake. Andika barua kwa mkuu wa idara, hata ya mistari minne, mpe mwenzako aifikishe, na piga picha ilipogongwa muhuri wa kupokelewa. Ushahidi ufuate: cheti cha hospitali kwa ugonjwa, na kwa msiba barua ya sheha wa shehia yenu. Sheha anakujua, barua yake haichukui hata saa moja, na bado kila mwaka wapo wanaoandikiwa kuwa hawakufika mtihanini kwa kuona haya kwenda kuiomba siku ya maziko.

Hatua ya 5: Ukiishi kwa jamaa

Wanafunzi wengi kutoka Pemba na shamba hukaa mjini kwa ami au kwa halati (dada wa mama). Chumba hulipii kodi, lakini bure si bure. Ukifika tu, siku ya kwanza au ya pili, uliza kazi yako ndani ya nyumba hii ni ipi. Mwenye nyumba akikutajia kazi, ina mwanzo na mwisho wake. Asipokutajia, kazi zote ni zako.

Hapa wasichana wanaonewa, na tusifiche. Katika nyumba moja kijana wa kiume anayesoma mwaka wa pili akirudi saa 10 huambiwa pumzika mwanangu. Binti wa mwaka huohuo hupewa mbuzi akune nazi, na baada ya nazi mchele, na baada ya mchele vyombo. Yeye anafungua daftari saa 4 usiku macho yanamuuma. Dada, usipigane na halati jikoni. Mwombe akupe kazi za asubuhi na za Jumamosi badala ya za jioni: kufua, kwenda sokoni Mwanakwerekwe, kupika Jumamosi na Jumapili nzima. Ukimwonesha kwamba mzigo haupungui bali umehama, wengi hukubali. Na wewe kaka unayesoma haya, vyombo vya usiku havina jinsia.

Saa nzuri ya kusoma katika nyumba yenye watu ni baada ya Alfajiri mpaka saa 1. Watoto wamelala, televisheni imezimwa, na intaneti inakwenda. Saa moja na nusu ya wakati huo, siku sita, ni saa 9 kwa wiki. Ramadhani wakati huo ni bora zaidi, kwa sababu daku imeshakuamsha. Lakini alasiri ya kufunga usiiwekee hesabu za gharama. Weka kazi nyepesi, kunakili au kupanga rejea, kisha ingia jikoni usaidie futari kabla hujaitwa.

Hatua ya 6: Bumu na pesa ya nyumbani

Mkopo wa mwanafunzi, ndio hilo bumu, uwe wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar au ya Muungano, unakuja kwa mafungu, na ukiingia habari huzunguka haraka kuliko ujumbe wa benki. Mdogo wako hana viatu, mama anadaiwa dukani, rafiki anataka "akurudishie wiki ijayo".

Kwanza kumbuka kuwa ni deni. Aliyekopa bodi ya Muungano hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi akishaajiriwa mpaka deni liishe. Unachokitoa leo kwa kuona haya utakatwa ukiwa na watoto.

Pili, usiseme hutoi. Sema unatoa kiasi gani. Chukua mfano wa fungu la shilingi 500,000 la siku 60. Chakula shilingi 4,000 kwa siku ni 240,000. Nauli na bando 110,000. Kopi na uchapaji 40,000. Nyumbani 60,000. Dharura 50,000. Imekwisha. Hiyo 60,000 ipeleke siku ileile pesa inapoingia, mkononi mwa mama, na umwambie ndiyo ya miezi miwili, yeye aamue viatu au deni la duka. Ukimpa mama uamuzi, unaondokana na kuwa hakimu kati ya ndugu zako. Akija mwengine, jibu lako ni la kweli: ya nyumbani nimeshampa mama.

Upatu ni mzuri kwa kujilazimisha kuweka, ukiwa na watu unaowajua na zamu yako iangukie kabla ya ada. Usiingie upatu wa watu 20 wakati kipato chako kinakuja kila baada ya miezi miwili. Utachelewesha zamu ya mtu, na uhasama wa upatu hauishi haraka.

La mwisho, na hapa sina upole: usikubali jamaa yako kusajili biashara, TIN au mkopo kwa jina lako kwa sababu "wewe ndiye msomi". Ukimaliza chuo na kuomba kazi benki, deni la ami litakuwa limeshafika kabla yako. Jibu la adabu lipo: "Ami, chuo kinatufunza tusitie saini kitu ambacho hatukisimamii. Nitakusaidia kuyajaza makaratasi, lakini jina liwe lako."

Hatua ya 7: Duka la ami

Ukiitwa kusaidia dukani Darajani au Mwanakwerekwe, usikimbie na usizame. Kwa mwanafunzi wa biashara, duka la jamaa ni maabara, mradi likusaidie kusoma badala ya kukuzuia.

Mwombe ami saa maalumu, tuseme Jumamosi asubuhi mpaka Adhuhuri, na kazi maalumu: hesabu ya bidhaa na daftari la madeni. Kukaa kaunta wiki nzima hakukufundishi zaidi ya kukaa kaunta siku moja. Daftari la madeni ndilo lenye elimu. Wanunuzi wangapi wanadaiwa zaidi ya miezi mitatu? Bidhaa gani imelala rafuni tangu Idd iliyopita? Pesa ya matumizi ya nyumbani inatoka kwenye droo ya mauzo bila ya kuandikwa? Hiyo ya mwisho utaikuta karibu kila duka la ukoo, na usiitangaze kama ugunduzi. Mwekee ami safu moja tu ya "nyumbani" kwenye daftari, aijaze kwa mwezi, yeye mwenyewe ataiona.

Utafiti wa mwaka wa mwisho unaweza kuzaliwa hapo: mauzo ya mkopo, utunzaji wa bidhaa, risiti za kielektroniki za ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) na wafanyabiashara wadogo. Omba ruhusa ya maandishi ya kutumia hesabu zake na ufiche jina la duka. Hakuna ami anayependa kusikia faida yake ikitajwa kwenye ukumbi wa chuo.

Malipo zungumzeni siku ya kwanza. Hata kama ni nauli na chakula cha mchana, yajulikane. Kazi ya ukoo isiyotajwa malipo humfanya mmoja ahisi anadai na mwengine ahisi anasaidia.

Hatua ya 8: Ajira, ukiwa bado unasoma

Anza mwaka wa pili. Amua mapema unaelekea wapi, kwani kila njia ina mahitaji yake na bei yake kwa familia.

Serikalini, nafasi za SMZ hutangazwa na Tume ya Utumishi Serikalini na kuombwa kupitia mfumo wa Zanajira. Nafasi za Muungano zina njia yake, Sekretarieti ya Ajira. Hakikisha kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kiko sawa na jina lake linafanana na la cheti cha kuzaliwa na la vyeti vya skuli. Herufi moja ya Salum na Saloum inaweza kukupotezea mwezi.

Kwenye uhasibu na kodi, Zanzibar ina kitu kinachoweza kukuweka mbele ya mwenzako wa Dar es Salaam: hapa zinafanya kazi mamlaka mbili za mapato, ZRA na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Kiwango cha kawaida cha VAT Zanzibar ni asilimia 15 wakati Bara ni 18. Mtu anayejua kodi gani inakwenda wapi, na bidhaa inayovuka bahari inafanywaje, hatafutiwi kazi na mtu. Jifunze pia benki ya Kiislamu. Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) ina huduma zake, na familia nyingi hapa hazitaki kabisa habari ya riba. Mhasibu anayeweza kueleza murabaha (mauzo ya faida iliyotajwa wazi, badala ya riba) kwa Kiswahili kinachoeleweka ana wateja wanaomngoja.

Ukitaka CPA, cheti cha mhasibu aliyeidhinishwa, mitihani ya NBAA (bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi) hufanyika Mei na Novemba, na mwenye shahada ya uhasibu husamehewa baadhi ya masomo. Usiache miaka mitatu ipite baada ya kuhitimu. Ndoa, mtoto na kujenga huja haraka, na kila kimoja kinachukua ile saa ya Alfajiri.

Hoteli zinataka watu wa kudhibiti gharama za stoo na jikoni na wa kufunga hesabu za usiku. Mshahara wa kuanzia unaweza kuwa mzuri, lakini utakaa Nungwi au Kiwengwa kwenye nyumba za wafanyakazi na mapumziko yako hayataangukia Ijumaa. Waambie nyumbani kabla ya kusaini. Dar nako si mbali, boti ya mwendokasi ni kama saa mbili, lakini kila safari ina nauli. Kubalianeni ni mara ngapi kwa mwezi utavuka, la sivyo kila Alhamisi utaulizwa.

Na kuhusu ami aliyeko wizarani: mtumie kukuonesha mlango, hakuna aibu. Barua ya fildi uandike mwenyewe, uipeleke mwenyewe, na ufike saa 1 na nusu kila siku, kwa sababu ukizembea jina litakaloharibika ni lake.

Hatua ya 9: Posa ikija katikati ya masomo

Inakuja, hasa kwa wasichana, na mara nyingi mwaka wa pili. Kukataa au kukubali ni lako na la wazee wako, sitaingia hapo. Ninachosema ni kwamba suala la kuendelea kusoma lisemwe kwenye mazungumzo ya posa yenyewe, mbele ya walii na aliyetumwa, kwa maneno wazi: atamaliza shahada, atafanya fildi popote atakapopangiwa, ada italipwa na nani. Ahadi aliyokupa kijana kwa simu usiku haina shahidi. Kama inawezekana, ombeni harusi iangukie likizo ndefu. Ukipata ujauzito na hali ikawa nzito, kuahirisha masomo kwa barua ni njia halali na inakulinda. Kutoweka kimya kunaweza kukufanya udisko, yaani uondolewe masomoni.

Hatua ya 10: Matokeo yakitoka

Nyumbani waoneshe matokeo hata kama hawaelewi GPA. Waambie kwa lugha yao: masomo manane, nimefaulu saba, moja narudia.

Ukiwa na sapu, sema siku hiyohiyo, hasa kama nyumbani ni Pemba. Mitihani ya marudio huangukia likizoni, ndani ya msimu wa karafuu, na mzee tayari amekuhesabu kati ya wachumaji wake. Usikate tiketi ya boti ya Mkoani kabla matokeo hayajatoka. Mpigie umwambie tarehe, umwombe sehemu yako ya shamba ampe mchumaji wa kulipwa kwa pishi, na kama una akiba kwenye lile fungu la dharura, mchangie malipo ya siku za mwanzo. Mtihani ukimalizika jioni, boti inayofuata utaiwahi, na karafuu za kuchambua utazikuta zinakusubiri.